Helikobakta: damu ikisema "pozitifu", inasema nini?



Karibu kila wiki watu wanatufikia wakiwa na karatasi za labo walizotoka nazo Bujumbura. Wengine walikwenda kwa transferi. Wengine walijilipia wenyewe, huko Buyenzi au Bwiza, siku walipopata bileti ya kutoka kambini. Juu ya karatasi limeandikwa lile jina refu, Helicobacter pylori, na pembeni yake neno moja tu: pozitifu. Na swali linalofuata ni karibu lile lile kila mara: "Nimekunywa dawa zote, nimemaliza, nimepima damu tena na bado ni pozitifu. Je, dawa zilikuwa bandia? Ninunue nyingine?"

Jibu ni kwamba kipimo cha damu hakiwezi kukuambia kama umepona. Hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mtu aliyepona kabisa anaweza kupimwa damu mwezi ujao, mwaka ujao, hata miaka kadhaa baadaye, na karatasi ikaandika pozitifu. Kwa hiyo kabla hujauza sehemu ya maharage ya mgao au kitenge chako ili ununue dawa kwa mara ya pili, tafadhali soma ukurasa huu mpaka mwisho. Na kama una jirani mwenye karatasi kama hiyo asiyejua kusoma, msomee.

KIJIDUDU CHENYEWE

Helikobakta pilori ni bakteria, yaani kijidudu kisichoonekana kwa macho, chenye umbo la kujipinda kama skrubu. Kinaishi ndani ya mfuko wa tumbo, katika ute unaofunika ukuta wake. Zamani madaktari waliamini kwamba hakuna kijidudu kinachoweza kudumu humo, kwa sababu asidi ya tumbo ni kali sana. Lakini hiki kina ujanja wake: hutengeneza amonia inayozima asidi iliyo karibu nacho, kikakaa salama kama mtu aliyejifunika turubai wakati wa mvua.

Waliogundua habari hii ni madaktari wawili wa mji wa Perth, Australia: Robin Warren na Barry Marshall. Mwaka 1982 walifaulu kukiotesha kijidudu hicho katika maabara. Watu wengi hawakuwasadiki. Basi mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe kikombe cha vijidudu hivyo, na baada ya siku chache tumbo lake likawaka na akaanza kutapika. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. (Tafadhali, usijaribu njia ya Marshall.)

Kabla ya hapo ilisemwa kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo, hasira na pilipili. Hapa kambini wengi bado wanasema hivyo, na si ajabu, maana mawazo kwetu hayakosekani. Mawazo na pilipili vinaweza kuongeza maumivu kwa mtu ambaye tayari anaumwa. Lakini kidonda chenyewe mara nyingi kinatokana na mojawapo ya vitu viwili: kijidudu hiki, au dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinapotumiwa kwa muda mrefu. Hiyo diklofenaki ambayo wazee wetu wanainunua kwa ajili ya mgongo na magoti, mara nyingi bila kumwuliza mtu, inastahili kuogopwa kuliko pilipili.

Kijidudu huingia hasa utotoni, ndani ya nyumba, kwa njia ya mate, matapishi na mikono yenye uchafu wa choo. Mahali penye msongamano wa watu na maji machache kinaenea kwa urahisi. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu wa dunia wanacho, na Afrika ni miongoni mwa sehemu zenye watu wengi zaidi wenye kijidudu hiki. Usione aibu basi ukiambiwa unacho. Si ugonjwa wa uasherati wala si alama ya mtu mchafu. Huenda ulikipata ukiwa bado unabebwa mgongoni, huko Uvira, Fizi au Bukavu, miaka mingi kabla ya kuvuka Ruzizi.

Jambo moja kubwa: kuwa na kijidudu si sawa na kuwa na kidonda. Kati ya watu 100 walio nacho, walio wengi hawapati shida yoyote maishani. Kumi hadi ishirini hivi ndio wanaopata kidonda siku moja. Saratani ya tumbo huwapata wachache zaidi, mmoja au wawili hivi. Lakini kwa sababu ya hao wachache, mwaka 1994 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani (OMS) ilikitaja rasmi kijidudu hiki kuwa ni chanzo cha saratani. Kwa hiyo si jambo la kudharau, wala si hukumu ya kifo.

DAMU INAONA NINI

Mtu anapotolewa damu, wengi wanafikiri kwamba labo wanakitafuta kijidudu ndani ya damu. Sivyo. Kijidudu kiko tumboni, hakitembei katika damu. Kinachotafutwa ni kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza ukipambana na adui. Kila adui ana askari wake. Wakionekana askari wa helikobakta, labo inaandika pozitifu.

Sasa, vita vikiisha, askari hao hawarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wanapungua polepole sana. Kwa baadhi ya watu wanaonekana bado baada ya miaka.

Fikiria daftari la kituo cha mapokezi. Kila anayeingia anaandikwa jina. Watu wakipakiwa kwenye malori na kupelekwa kambi nyingine, majina yao hayafutwi. Ukilifungua daftari baada ya miezi miwili utaliona jina la mtu, lakini ukienda kwenye hema lake utakuta tupu. Kipimo cha damu kinasoma daftari. Hakiendi kuangalia hema.

Jambo hili si geni kwetu. Kuna aina ya kipimo cha haraka cha malaria, TDR, ambacho kinaweza kubaki pozitifu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa sababu kinaona mabaki ya kijidudu kilichokwisha kufa. Na kile kipimo cha tifoide kiitwacho Widal nacho kinatafuta kingamwili, na ndicho kilichowapa watu wengi "tifoide isiyoisha" na mifuko ya dawa isiyoisha.

Wengine wanatuambia: "Safari hii mstari ulikuwa mzito kuliko mara ya kwanza, kwa hiyo vijidudu vimeongezeka." Hapana. Kwenye kile kikadi cha haraka mstari mzito au hafifu haukuhesabii vijidudu. Tena kikadi kinapaswa kusomwa katika dakika zilizoandikwa kwenye maelekezo yake. Kikiachwa mezani muda mrefu kupita hapo, mstari wa uongo unaweza kujitokeza.

JE, KIPIMO CHA DAMU HAKINA FAIDA?

Kina faida, lakini ndogo kuliko tunavyodhani. Kikitoka negatifu kwa mtu ambaye hajawahi kutibiwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba hana kijidudu. Kikitoka pozitifu kwa mtu ambaye hajawahi kunywa dawa zake, anayeumwa tumbo, na anayeishi mahali ambapo wengi wanacho, mara nyingi ni kweli kwamba bado anacho. Pia kuna wagonjwa ambao vipimo vingine vinaweza kuwadanganya, kwa mfano mtu ambaye kidonda chake kinatoka damu, au ambaye hawezi kuacha omeprazoli. Hapo daktari anaweza kuamua kwamba damu itamsaidia. Dawa hazikidanganyi kipimo cha damu.

Lakini hata hapo, pozitifu haimaanishi kwamba maumivu yako yanatoka kwa helikobakta. Kama wengi wetu tunacho, basi ukiwapima damu watu waliopanga foleni ya maji, wazima kabisa, wengi watatoka pozitifu. Mtu anayeumwa tumbo kwa sababu ya diklofenaki, mawe ya nyongo, amiba au minyoo anaweza naye kuwa pozitifu. Labo imesema kweli, ila haikujibu swali lililompeleka huko.

Kwa mtu aliyekwisha kutibiwa, sema tu hivi: kipimo cha damu hakina kazi tena kwake. Asikirudie. Mtu wa famasi akimwambia "tupime tena tuone kama imekwisha", amjibu kwa heshima kwamba kwa jambo hilo damu haifai.

KWA NINI TUNALISEMA KWA NGUVU

Kwanza ni fedha. Kutoka Bwagiriza, Kavumu au Musasa mpaka Bujumbura ni nauli, chakula cha njiani na pengine mahali pa kulala, ukiongeza kipimo na dawa. Kuna mama wa watoto watano aliyefanya safari hiyo mara tatu kwa ajili ya karatasi ambayo, kwa namna ilivyo, isingeweza kubadilika.

Pili ni mwili wenyewe. Matibabu ya helikobakta si kidonge kimoja. Ni antibiotiki mbili, wakati mwingine tatu, pamoja na dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli, na siku hizi kwa kawaida ni siku 14. Antibiotiki zinazotumika sana ni amoksisilini, klarithromaisini na metronidazoli, ile ambayo wengi tunaijua kwa jina la Flagyl. Zinaacha ladha ya chuma mdomoni, zinaweza kuharisha na kuleta kichefuchefu. Kuzinywa mara ya kwanza kwa sababu ya kweli ni sawa. Kuzinywa mara ya pili na ya tatu kwa sababu ya daftari lisilofutwa ni kujitesa bure.

Tatu, na hili ndilo linalotutia hofu zaidi: kijidudu kinazizoea dawa. Flagyl imetumika sana Afrika kwa kuhara na amiba, kwa hiyo helikobakta ya watu wengi imekwisha kuizoea. Mwaka 2017 OMS iliiweka helikobakta iliyozoea klarithromaisini katika orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka. Ukinunua vidonge vya siku tano kwa kuwa fedha ziliishia hapo, au mkagawana boksi moja mume na mke, mnakifundisha kijidudu kupigana. Siku utakapokuwa na kidonda cha kweli, dawa ile haitakusaidia.

VIPIMO VINAVYOJIBU SWALI LA "NIMEPONA?"

Kuna kipimo cha choo kinachotafuta antijeni, yaani vipande vya kijidudu chenyewe. Kama kijidudu hakipo, vipande havipo. Sikiliza vizuri hapa, maana watu wengi wanachanganya: hiki si kile kipimo cha choo cha kawaida ambacho labo huweka kinyesi chini ya darubini kutafuta minyoo na amiba. Helikobakta haionekani kwa njia hiyo. Ukifika labo Bujumbura, usiseme tu "napima choo". Sema "antijeni ya helikobakta katika choo", na uulize kama wanacho kabla hujalipa.

Kuna kipimo cha pumzi. Unakunywa maji yenye urea iliyotiwa alama, kisha unapuliza ndani ya mfuko. Kama kijidudu kipo, kinaivunja ile urea na alama inatoka katika pumzi yako. Ni kipimo kizuri sana, ila kinataka mashine maalumu, kwa hiyo usitarajie kukikuta kila mahali.

Halafu kuna fibroskopi, ambayo hufanyika katika hospitali kubwa kama ile ya chuo kikuu huko Kamenge, ambayo wengi huiita Roi Khaled. Daktari anapitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera mpaka tumboni. Anaona kama kuna kidonda, na anaweza kuchukua kipande kidogo cha nyama ya tumbo kwa ajili ya labo. Unatakiwa uwe hujala tangu usiku. Haipendezi, lakini inachukua dakika chache. Fibroskopi si ya kila anayeumwa tumbo. Ni ya mtu mwenye dalili za hatari, au ambaye matibabu yameshindikana, na daktari ndiye anayeamua.

Vipimo hivi vitatu vina masharti ambayo ukiyavunja utapata negatifu ya uongo. Baada ya kumaliza antibiotiki, subiri angalau wiki nne. Omeprazoli na dawa za jamii yake uwe umeziacha angalau wiki mbili. Zikiwa bado mwilini, kijidudu kinanyamaza bila kufa, na karatasi inakufurahisha bure. Lakini usiache omeprazoli kwa uamuzi wako mwenyewe kama umewahi kutapika damu au uliambiwa una kidonda. Mwulize kwanza daktari aliyekuandikia. Na maumivu yakikuzidi katika wiki hizo mbili, mwambie muuguzi akupe dawa nyingine ya kutuliza.

IKITOKA NEGATIFU, NI SUMU?

Hili tunalisikia kwa sauti ya chini, jioni, baada ya mkutano kwisha. Mtu anakonda, tumbo linamuuma, chakula hakikai. Anapimwa, karatasi inasema negatifu. Basi ndugu wanasema: kama si helikobakta, ni karuho, kuna mtu amempa sumu. Kisha wanaanza kuhesabu: alikula kwa nani, nani alimpa kikombe cha kasiksi, nani ana wivu. Nyumba zilizopakana zinaacha kusalimiana. Tumeona jirani akihamishwa mtaa kwa ajili ya usalama wake.

Ndugu zangu, karatasi ya helikobakta haijui habari za sumu. Negatifu maana yake ni moja tu: askari wa kijidudu hiki kimoja hawakuonekana. Nyuma yake yamebaki magonjwa mengi ya kumfanya mtu akonde na kuumwa tumbo: kifua kikuu kinachoshika matumbo, ugonjwa wa ini, kisukari, UKIMWI, saratani, kidonda kilicholetwa na dawa za maumivu. Mengi ya hayo yanatibika au yanatulizwa yakijulikana mapema. Kila wiki inayopotea kwa kumtafuta mchawi, au kwa kumtapisha mgonjwa kwa dawa za mitishamba, ni wiki ambayo ugonjwa unapiga hatua. Mleteni kituo cha afya akiwa bado anatembea.

USINGOJE KARATASI YOYOTE

Kuna dalili ambazo hazingoji kipimo. Kutapika damu, au matapishi kama unga wa kahawa. Choo cheusi, laini, chenye harufu kali, kama lami. Maumivu makali ya ghafla na tumbo kuwa gumu kama ubao. Kwa hayo, njoo kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku. Kukonda bila sababu, chakula kukwama kooni, kutapika kila siku, au kupauka na kuhema ukipanda mlima mdogo: hayo nayo yanataka daktari wiki hiyo hiyo. Akina mama wajawazito wanaokunywa vidonge vya kuongeza damu wasishtuke wakiona choo cheusi, kwani vidonge hivyo hukigeuza rangi. Lakini kama kina harufu ya ajabu au unasikia kizunguzungu, njoo.

Unapokuja, beba karatasi zote za zamani na maboksi ya dawa ulizokunywa, hata matupu, hata zile ulizonunua bila ruhusa ya mtu. Hatugombezi. Mwambie muuguzi kama una mimba, kama amoksisilini au penisilini iliwahi kukuwasha au kukuvimbisha, na kama unakunywa dawa za kifua kikuu au za virusi vya UKIMWI, kwa sababu klarithromaisini haipatani na baadhi yake. Ukipewa metronidazoli, acha pombe, kasiksi nayo ikiwemo, mpaka siku chache baada ya kumaliza.

Na siku utakapomeza kidonge cha mwisho cha antibiotiki, andika tarehe nyuma ya karatasi ya labo, au mwombe mtoto wa shule akuandikie. Anayekupeleka kwenye kipimo cha choo atakuuliza tarehe hiyo kabla ya jambo lingine lolote.